Majivu ya Mstari wa Kushoto

Hapa mjini Wote ninapoishi, kuna mama mwenye kibanda cha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nyuma ya duka langu la kushona. Jioni akimaliza kuuza hukusanya majivu ya meko yake na kuyamwagia maji kabla ya kuyatupa, ili upepo usimletee maneno na majirani. Majivu ya moto yakikutana na maji hutoa harufu fulani. Wewe uliyelelewa na jiko la kuni unaijua, ni nzito kidogo, na hukaa nyuma ya koo. Wengine huwakumbusha nyanya zao. Mimi huacha cherehani, nafunga dirisha, nakaa tu. Siku moja yule mama aliniuliza kama moshi wake unanisumbua. Nikamwambia ni mafua, na tangu hapo huniletea malimau, nami nayapokea na kushukuru kama mtu mwenye mafua.

Sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa Zombe, upande wa Kitui, na siku hizo timu ya Zombe ilikuwa kwenye ligi ya taifa. Haikuwa ile ligi kuu inayoonyeshwa kwenye televisheni, ilikuwa ile ya chini yake, ambayo bingwa wake hupanda. Kwetu sisi hiyo tofauti ilikuwa ya watu wanaopenda kutafuta makosa. Timu zilikuja kutoka mbali, wachezaji wakashuka wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wakauangalia uwanja wetu, kisha wakaangaliana. Ulikuwa mchanga mwekundu kutoka goli hadi goli, pamoja na vinyesi vya mbuzi ambavyo sisi watoto tuliviokota asubuhi ya mechi. Chokaa ya kuchorea mistari hatukuwa nayo. Tulikuwa na majivu.

Kila nyumba ilileta yake Jumamosi jioni, kwa debe, kwa beseni, kwa chochote kilichokuwepo. Majivu makavu hayafai, upepo wa Zombe hauyaachi, kwa hiyo yalikorogwa na maji mpaka yawe kama uji. Kisha vijana wa timu waliyamimina chini kwa kopo lililotobolewa, wakienda kinyumenyume kwa kufuata kamba. Yakikauka yalishika ardhi, meupe kabisa juu ya ule wekundu. Wanawake wa kwetu walitaniana sana kwa hilo, kwa sababu majivu ya mgunga ni meupe na ya mabua ya mahindi ni meusimeusi, na mstari uliofifia ulimtangaza mvivu wa kutafuta kuni. Ya kwetu yalikuwa meupe kuliko yote. Mama hakukubali kupikia mabua hata siku moja.

Lakini aliyatoa shingo upande. Majivu Ukambani si takataka. Ukivuna ndengu na kunde unazichanganya na majivu kabla ya kuziweka, ndipo fukusi wasizitoboe, na mwenye majivu kidogo atakula ndengu zenye matundu mpaka mvua nyingine. Kila Jumamosi mama, ambaye tulimwita mwaitu kama Wakamba wote, alilalamika vilevile akimjazia kaka yangu Kyalo nusu debe.

"Hiyo mpira yenu itanimalizia ndengu."

"Ongeza kidogo, mwaitu. Hii ni ya upande wangu."

"Upande wako ni upi?"

"Kushoto. Huko kwangu siwezi kubali majivu ya watu wengine."

Mama alicheka bila kutaka, akaongeza. Hivyo ndivyo mstari wa kushoto wa uwanja wa Zombe, kushoto kwako ukiupa kisogo mti wa kanisa nyuma ya goli, ulivyokuwa majivu ya jikoni kwetu tangu mwanzo hadi mwisho. Kipindi cha pili timu hubadilishana upande na winga wa kushoto huhamia mstari wa ng'ambo, lakini Kyalo hakutaka kusikia habari hizo. Mimi nilibeba kopo. Nilikuwa darasa la pili, na niliamini kwamba bila kopo langu ligi ya taifa isingeendelea.

Kyalo alikuwa amemaliza shule, na siku za kawaida alichoma matofali. Alikuwa na namna yake ya kukimbia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Aliinamia upande mmoja, mkono wa kushoto ukining'inia bila kusogea, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji asiyotaka yamwagike. Watu walimcheka. Halafu alipowapita mabeki waliacha kucheka. Aliniita siz, yaani dada kwa lugha ya vijana, na akifunga bao nyumbani alikuja mpaka pale nilipokaa na kopo langu, akanigusa kichwani, akarudi kucheza. Watoto wengine waliniogopa kwa muda baada ya hapo.

Mama hakuwahi kumwona akicheza. Mechi za nyumbani zilichezwa Jumapili baada ya ibada, na mama alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Alitoa majivu, alifua jezi, alimpikia, lakini uwanjani hakufika.

"Mwaitu, hata Mungu alipumzika," Kyalo alimwambia. "Kuangalia mpira si ni kupumzika?"

"Alipumzika. Hakushangilia."

Ila ratiba ilipotoka tuliona kwamba mechi ya mwisho ya msimu, ya nyumbani, imewekwa Jumamosi, kwa sababu wakubwa wa mpira wangekuja kutoka Nairobi. Kyalo alikimbia nyumbani kumwambia. Mama alikuwa anasonga ugali, akamaliza kuugeuza kwanza.

"Hiyo nitakuja," akasema. "Lakini ukicheza vibaya narudi na majivu yangu."

Nakumbuka Kyalo alivyoniangalia. Alikuwa amefurahi kuliko siku yoyote ya kufunga bao.

Msimu ulikuwa umebaki mechi chache walipokuja kucheza hapa Wote. Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa akifanya kazi Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kuziba pancha za malori, na kwa kuwa Salama na Wote si mbali alikuja kuangalia. Yeye ndiye aliyetusimulia, baadaye, kwa maneno machache, maana baba si mtu wa maneno. Mpira ulirushwa kutoka kulia. Kyalo alitokea kushoto nyuma ya mabeki wote, akaruka, akaupiga kwa kichwa ukaingia. Lakini mbio alizokuwa nazo hazikusimama, zilimpeleka mpaka kwenye mlingoti wa goli, na kile kichwa kilichofunga ndicho kilichogonga chuma. Alianguka. Akainuka anacheka, akacheza mpaka mwisho. Hilo bao moja ndilo lililoshinda mechi, na lilitupeleka juu ya jedwali.

Alirudi nyumbani na uvimbe juu ya sikio. Mama alichemsha maji ya chumvi akamkanda kwa kitambaa, akimgombeza taratibu. Mimi nilisubiri mama atoke, nikaubonyeza ule uvimbe kwa kidole. Ulikuwa laini, sikutegemea.

"Bao liko humu ndani?" nikamuuliza.

"Limo. Usibonyeze sana, siz, litatoka."

Kesho yake alisema kichwa kinauma kidogo, hataenda kanisani, atalala. Mama alimwambia alale, mpira umemchosha. Tulipotoka kanisani tulimkuta akiongea maneno yasiyoshikana, na mimi aliniita kwa jina la baba. Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali ya Kitui. Mimi niliachwa kwa huyo jirani, nikapewa chai yenye maziwa mengi kuliko ya nyumbani, nikaifurahia. Jumatatu mama alirudi peke yake, amelishika lile shati alilotoka nalo Kyalo, limekunjwa vizuri.

Alizikwa nyuma ya nyumba, karibu na mti wa mchongoma. Mchungaji alisema udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, na mimi nikatazama huku na huku kutafuta majivu. Watu walikuwa wanatupa udongo tu. Nilidhani wamesahau kuyaleta, na nikaona vibaya sana, maana siku hiyo, kwa wingi wa meko ya kupikia waombolezaji, kwa mara ya kwanza ningeweza kuwaletea mengi. Hakuna aliyeniuliza.

Kisha kocha wa timu, Mwalimu Muthama, alisimama kuzungumza. Alifundisha shule ya msingi na kufundisha mpira jioni, na sauti yake ilikuwa ya kuzoea kupigia watoto kelele, lakini siku ile ilimshinda. Alimgeukia mama.

"Mama Kyalo, mimi sina mengi. Ile bao ya Wote ndio imetuweka juu. Tukipanda, ni yeye ametupandisha. Watu wataandika, watasema Zombe ilipandishwa na Kyalo. Hiyo nakuahidi mbele ya hawa watu wote."

Mama alitikisa kichwa kukubali, na akayashika hayo maneno. Sijui kama Mwalimu Muthama alijua ni kitu gani alichompa. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa sababu ya mpira, kitu alichokidharau na kukiombea kiishe, na sasa huyu mtu alikuwa amemwambia kwamba kifo hicho kimefanya kazi. Kilichobaki ni timu ipande tu.

Basi mama, ambaye alikuwa hajui winga ni nani na refa ni nani, akaanza kusikiliza mpira. Redio ya baba iliyokuwa ya mahubiri ilihamishwa stesheni. Alijua nani anatufuata, kwa pointi ngapi, na nani akishindwa itatufaa. Jumapili alitoka kanisani akapita kando ya uwanja, hakuingia, akasimama barabarani na Biblia yake mpaka amsikie mtu akitaja matokeo. Na majivu aliacha kuyagawanya. Jumamosi jioni alikwangua meko mpaka chini, akatoa debe zima, akanisaidia kulibeba. Ndengu zetu za msimu ule hazikupata majivu hata kidogo. Fukusi walizila tukiwasikia, ukiweka sikio kwenye gunia ilikuwa kama mvua ya mbali.

Timu ilishikilia pale juu. Halafu wakubwa wa mpira wakagombana Nairobi. Hata leo sijui vizuri walikuwa wanagombania nini, na nimeona watu wazima waliokuwepo wakishindwa kueleza. Kulikuwa na uchaguzi ambao wengine hawakuutambua, ofisi ikafungwa na kufuli, wakaenda kortini. Mechi zikaahirishwa wiki moja, na nyingine, na nyingine. Mama aliendelea kuweka majivu. Yalijaa debe, yakajaa beseni, mpaka tukaanza kuyaweka kwenye sufuria mbovu nje ya jiko.

Tangazo lilikuja asubuhi, mama akiwa amekaa mlangoni anapeta ndengu. Zile zilizoliwa zilikuwa nyepesi, zilipeperuka na makapi. Mtangazaji alisoma kwa Kikamba, kwa sauti ileile aliyosomea bei za mbuzi. Msimu umefutwa. Hakuna bingwa, hakuna atakayepanda wala kushuka. Mechi zote zilizochezwa zitahesabiwa kama hazikuchezwa.

Mama alizima redio. Alishika ungo bila kupeta.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na moyo ukinienda mbio kwa furaha. Itabidi nieleze, na anayenisoma kama alicheza ule mchezo wa kati shuleni atanielewa. Kwenye kati, anayepigwa na mpira anakufa, anatoka nje, anakaa kando. Wanaweza kufa wengi. Lakini wasichana wakubwa wakianza kugombana, huyu anasema umepigwa, yule anasema sijapigwa, mwisho mmoja husema basi, tumefuta, tuanze upya. Na hapo waliokufa wote huinuka, wakajikung'uta vumbi, wakarudi ndani. Hiyo ilikuwa sheria tuliyoijua wote na hakuna aliyeibishia. Sasa wakubwa walikuwa wamegombana, na wamefuta. Mechi ya Wote haikuchezwa. Kama haikuchezwa, Kyalo hakuruka. Kama hakuruka, hakugonga kile chuma. Niliifikiria mara mbili nikiwa nimesimama pale, nikitafuta mahali ambapo haishikani, sikupaona.

Sikumwambia mama. Nilidhani amesikia kama nilivyosikia, na kwamba amenyamaza kwa sababu ni jambo kubwa.

Mwalimu Muthama alifika kabla ya adhuhuri kwa baiskeli. Aliiegemeza kwenye ukuta, akavua kofia, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Mama Kyalo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata sisi hatujaelewa. Tunaambiwa tungoje msimu mpya."

"Keti, mwalimu."

Hakuketi. Mama aliweka ungo chini.

"Hebu niambie kitu. Ile bao ya Wote iko wapi saa hii?"

"Imefutwa na zingine. Zote zimefutwa."

"Haiko mahali imeandikwa?"

"Haiko."

"Kama hakukuwa na bao, mtoto wangu alikufa na nini?"

Mwalimu Muthama aligeuza kofia yake mikononi. Alikuwa mtu wa kujibu kila swali darasani, hata yale ambayo hakuyajua.

"Bao wamechukua," mama akasema, polepole kama anamsomea mtu. "Kaburi wameniachia."

Sikuyaelewa maneno hayo hata kidogo. Nilidhani mama amekosea hesabu. Nilitaka kumvuta leso nimwambie kwamba mambo hayaendi hivyo, wakifuta wanafuta yote, lakini watu wazima walipokuwa wakiongea mtoto hakuingilia. Mwalimu aliondoka akiisukuma baiskeli bila kuipanda. Mama aliingia chumbani kwa Kyalo akafunga mlango, na siku hiyo tulikula viporo.

Jumamosi ilipofika, ile ya mechi ya mwisho, niliamka mapema. Mama alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Nilikwangua meko, nikayatoa majivu ya asubuhi ile ile yakiwa bado na vuguvugu, nikayachanganya na ya kwenye sufuria mbovu. Sikuweza kubeba debe zima, kwa hiyo niliburuta beseni, mtungi mdogo wa maji kwa mkono mwingine, na kopo langu shingoni kwa kamba. Njiani nilikutana na mzee mmoja na ng'ombe zake, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuchora, leo kuna mechi. Alinitazama, akasukuma ng'ombe zake mbele.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani ya goli. Mistari ya zamani ilikuwa imekanyagwa mpaka haionekani. Nilikoroga, nikajaza kopo, nikaanza upande wa kushoto, kinyumenyume kama nilivyowaona wakifanya. Sikuwa na wa kunishikia kamba, kwa hiyo mstari wangu ulienda ulivyotaka. Nilikuwa nimefika kama katikati nilipoona kivuli cha mtu chini, karibu na miguu yangu.

Mama alikuwa amekuja na ndala zake za nyumbani, leso mabegani. Alikuwa anahema.

"Mwende, unafanya nini hapa?"

"Nachora. Leo ndio ile mechi ya Jumamosi. Ulisema utakuja."

"Hakuna mechi. Si ulisikia wamefuta?"

"Nilisikia. Wamefuta zote. Hata ya Wote."

"Sasa?"

"Sasa hakugonga mlingoti."

Mama alilitazama kopo mkononi mwangu. Nikaona labda hajaelewa, nikamweleza yote, kati, na wasichana wakubwa, na waliokufa wanavyorudi ndani. Nilieleza vizuri. Nilimwambia Kyalo atatoka tu mahali, na atakasirika akikuta mstari wake umefutika. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Kisha akakaa chini pale mchangani, mikono mapajani. Nilingoja aseme nimekosea. Hakusema.

Kwa miaka mingi nilifikiri alinyamaza kwa kunihurumia. Sasa nina mtoto wangu, na sifikiri hivyo tena. Nafikiri kwa muda ule mfupi, akiwa amekaa mchangani, mama naye alikuwa anatafuta mahali ambapo haishikani, na alitamani asipaone.

Alinyoosha mkono.

"Lete hiyo kopo. Umepinda kama nyoka."

Aliinuka, akafunga leso kiunoni, akachora. Hakuwahi kufanya kazi hiyo lakini mstari ulitoka umenyooka bila kamba. Mimi nilikoroga na kujaza. Tulimaliza upande wote wa kushoto, kutoka kona hadi kona, majivu ya jikoni kwetu matupu. Upande mwingine hatukuugusa. Alisimama akautazama.

"Alikuwa anasimama wapi?"

Nilimshika mkono nikampeleka.

"Hapa?"

"Mbele kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Halafu akipewa mpira anaenda hivi."

Nikakimbia. Niliinamia upande mmoja, nikauachia mkono wa kushoto uning'inie bila kusogea, kama nimebeba ndoo. Nilienda na mstari mpaka karibu na kona, nikarudi. Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Alikuwa anakimbia hivyo?"

"Hivyo kabisa."

"Rudia nione."

Nikarudia. Akasema tena, nikaenda tena, na tena, nikipita pembeni yake na yeye akinifuata kwa macho. Safari moja nilisikia sauti nyuma yangu, nikageuka, nikamkuta anapiga makofi, polepole, peke yake kwenye uwanja mzima. Mama yangu alikuwa anashangilia. Sikuwa nimechoka, ningeweza kukimbia mpaka jioni. Nilikuwa natazama ile njia ya kutoka sokoni, kwa sababu ndiyo njia aliyozoea kujia, na mavumbi yakiinuka kidogo nilikuwa na uhakika.

Mvua ndiyo iliyokuja. Ilitoka upande wa vilima bila kuonya, matone makubwa, kwanza yakatoboa mstari hapa na pale, kisha ikawa mvua kamili. Mbuzi wakakimbia. Majivu yaliyokuwa yameanza kukauka yalilainika, yakaanza kuteremka yakichanganyika na ule udongo, na ile harufu ikapanda kutoka chini ikatufunika wote wawili.

"Twende nyumbani," mama akasema.

"Na Kyalo?"

"Kyalo haji, Mwende."

"Lakini wamefuta."

"Wamefuta yao." Alipiga magoti akanishika mabega, uso wake na wangu zikiwa sawa, maji yakimtiririka kidevuni. "Yetu hawakufuta. Umenisikia? Hii yetu hakuna mtu anaweza futa."

Hapo ndipo nilipojua. Niliujua ule mlingoti, na lile shati lililokunjwa, na ule mchongoma nyuma ya nyumba, vyote kwa pamoja, na nikalia kama ambavyo sikulia siku ya mazishi. Mama aliifungua leso yake akanifunika nayo. Alikuwa amesema twende, lakini hakwenda. Hakuniambia tena tuondoke, nami sikumuuliza habari za Kyalo tena. Tulisimama palepale kaka yangu alipokuwa akisimama mpaka mvua ikaumaliza mstari.